Adabu ya Kutazama Ngozi

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ugonjwa wa ngozi haukosi wasemaji. Mtoto akiamka na uvimbe kichwani, jua likifika utosini ameshapewa majina matatu ya ugonjwa na dawa zaidi ya tatu, na wanaomzunguka si watu wabaya. Mama aliyetoka Uvira aliwahi kuona kitu kama hicho kwa mtoto wa dada yake. Mzee wa Kirundi analijua jani la kutwanga. Kijana wa duka la dawa anashusha tyubu kutoka rafuni kabla swali halijaisha. Siku hizi ubishi wenyewe umepanda daraja: huyu anasema ni fangasi, yule anasema ni bakteria, na kila mmoja amesikia redioni au amesoma kwenye simu. Wanabishana kwa moyo wote, na mtoto amekaa katikati yao akifukuza nzi.

Mimi nimekuwa mkalimani katika mabishano ya namna hiyo, nikichukua Kiswahili cha Wakongo na kukifikisha kwa tabibu ambaye mazungumzo yake ni Kinyankole na Kiingereza, kisha nikirudi na majibu. Ukalimani unakulazimisha kusikiliza mpaka mwisho, hata pale ambapo pande zote zimeshaamua. Kwa kusikiliza huko nimefika mahali pa kuamini kwamba swali la fangasi au bakteria, ingawa hujibiwa maabara, huanza kama swali la adabu. Mgonjwa anatudai kutazamwa kabla ya kutibiwa, na deni hilo tunalilipa mara chache kuliko tunavyodhani.

Makazi haya yako wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilohilo la Nakivale. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Wanyarwanda, yakatangazwa rasmi mwaka 1960, na leo wamo zaidi ya watu laki moja: Wakongo ndio wengi, na wamo pia Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Watoto wanalala wanne kwenye mkeka mmoja. Kitana kinazunguka nyumba hadi nyumba, na wembe wa kinyozi nao vivyo hivyo. Kilichomo kwenye ngozi ya mmoja hakikawii kufika kwa mwingine, na jina baya alilopewa mmoja nalo halikawii.

Tuanze na mapunye, maana ndiyo yanayowasumbua zaidi watoto wa shule. Mapunye ni fangasi wa kichwani. Kwa kawaida yanaonekana kama mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika karibu na mzizi, na hapo ubishi huwa mdogo. Shida inakuja pale mwili wa mtoto unapopambana na fangasi huyo kwa ukali. Sehemu moja ya kichwa inavimba na kuwa laini, usaha unachuruzika kwenye vitundu vingi vidogo, nywele zinang'oka kwa kuguswa tu, na tezi za shingoni zinatuna. Madaktari wanaiita hali hiyo kerioni. Jicho lolote linaloona usaha linasema bakteria. Basi mtoto anapewa antibiotiki, wiki inapita, anapewa nyingine yenye nguvu zaidi, na mwisho anatokea mtu mwenye wembe wa kupasua jipu. Anapasua, na usaha hautoki kama alivyotarajia, kwa sababu hakukuwa na jipu. Mwili ulikuwa unamkataa fangasi. Mtoto anabaki na kovu ambalo juu yake nywele hazitaota tena.

Dawa ya kerioni ni ya kumeza, kwa kuwa mafuta ya kupaka hayafiki kwenye mzizi wa unywele. Ya siku nyingi na ya bei nafuu inaitwa griseofulvini. Inamezwa kwa wiki sita hadi nane, pengine zaidi, na mwili unaifyonza vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Maneno hayo tabibu anayasema kwa wepesi, nami nayafikisha kwa wepesi huohuo. Lakini tangu mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limepunguza mgao wa wakimbizi Uganda mara kadhaa, na wapo ambao sasa hawapati kabisa. Mama anaitikia kwa kichwa, na macho yake yanaikadiria chupa ya mafuta ya kupikia iliyobaki nyumbani. Hapo nimejizoeza kutoishia kwenye maneno. Namgeukia tabibu na kumwambia kwamba mama amekubali, ila nyumbani mafuta hayapo. Tabibu mzuri anaweka kalamu chini na kuanza kuuliza: maziwa je, yanapatikana kwa jirani? Karanga je?

Wapo wanaosema ukalimani wa namna hiyo umevuka mipaka. Mimi sioni hivyo. Aliyetazama kichwa cha mtoto na asitazame sahani yake ameona nusu ya ugonjwa.

Halafu kuna upele, na huu huwaumbua wabishi wa pande zote mbili. Mtu wa bakteria anaonyesha usaha kwenye vidole vya mtoto, na usaha upo kweli. Mtu wa fangasi anaonyesha mwasho na magamba, navyo vipo kweli. Lakini aliyeanzisha yote ni utitiri, mdudu mdogo kiasi kwamba jicho linashindwa kumwona vizuri, anayechimba njia chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Mtoto anajikuna usiku kucha, kucha zinafungua mlango, bakteria wanaingia. Ukimpa antibiotiki peke yake, usaha unakauka na mwezi ujao unarudi. Na jambo hili si dogo: bakteria wa jamii ya streptokoka wakiingia kwenye ngozi iliyokwanguka wanaweza kusababisha ugonjwa wa figo wiki chache baadaye. Shirika la Afya Duniani liliingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na mtu aliyewahi kulala chumba kimoja na watoto watano wanaojikuna hashangai ulivyostahili kuingia.

Upele unatambulika kwa maswali zaidi kuliko kwa vyombo. Mwasho unazidi usiku? Uko katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni? Nani mwingine nyumbani anajikuna? Hilo la mwisho ndilo linalofungua mambo, kwa sababu dawa ya upele haina faida akitibiwa mmoja. Nyumba nzima inatibiwa siku moja, na nguo na matandiko yanafuliwa. Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji, wakiwa na maana kwamba mhitaji apewe bila kuzungushwa. Ni usemi wa huruma na naupenda. Ila nimeona ukitumika vibaya mbele ya wagonjwa wa ngozi, kana kwamba huruma ni kukimbilia kutoa. Mgonjwa wa ngozi aulizwe, tena aulizwe sana. Aulizwe kama uji anao, analala na nani, na alipaka nini kabla ya kuja hapa.

Swali hilo la alipaka nini ndilo ninaloliona gumu kuliko yote, na sababu yake ni tyubu moja. Inauzwa Afrika Mashariki nzima, kwa majina mengi na ya kampuni nyingi. Ndani yake mna dawa tatu zilizochanganywa: ya kuua fangasi, ya kuua bakteria, na steroidi ya kutuliza uvimbe na mwasho. Kwa mtu asiyejua kisababishi, inaonekana ndiyo suluhu ya ubishi wote: kama ni fangasi dawa yake imo, kama ni bakteria dawa yake imo, na mwasho unaisha usiku uleule. Muuzaji anapata mteja aliyeridhika, na mteja anapata usingizi.

Kinachotokea chini ya utulivu huo ni jambo lingine. Steroidi inazima wekundu na mwasho kwa kuulaza ulinzi wa mwili mahali hapo, na ulinzi ukilala fangasi anapata nafasi ya kutambaa. Choa lililokuwa na umbo la duara na ukingo uliotuna linapoteza sura yake. Linaenea taratibu bila kuwasha sana, mpaka hata daktari aliyezoea anaangalia doa ambalo halifanani na kitu chochote alichofundishwa. Ngozi inakuwa nyembamba, pengine inapasuka michirizi, na rangi yake inafifia. Wapo wanaofurahia kufifia huko, wakaipaka usoni kama wanavyopaka mkorogo, na hapo tyubu inatoka kwenye sanduku la dawa na kuhamia kwenye meza ya kioo.

Tyubu hiyo siipendi hata kidogo, na sababu yangu si ya kemia tu. Ni dawa iliyotengenezwa ili mtu asilazimike kutazama. Inamruhusu muuzaji kumhudumia mama bila kumwomba afunue bega, na inamruhusu mama kuondoka bila kuambiwa kwamba hatujui bado. Simlaumu kijana wa dukani. Mteja wake ana shilingi elfu chache mkononi, na mji wa Mbarara, wenye hospitali, ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa taksi, njia ya Isingiro, kukiwa na vumbi au matope kutegemea mwezi. Nauli ya kwenda na kurudi inaizidi tyubu mara nyingi. Lakini bei hiyo nafuu inalipwa na ngozi ya mama, na ngozi inalipa kwa miezi.

Ukifanikiwa kufika Mbarara, ubishi wa wiki nzima unaweza kuisha kabla chai haijapoa. Mji una hospitali ya rufaa ya mkoa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, na wanafunzi wake wa udaktari wanajifunzia kwenye wodi hizo. Niliwahi kusimama pembeni huko nikimtafsiria mama mmoja mwenye doa kubwa ubavuni. Fundi wa maabara, binti kijana, alimsalimia kwanza, akamwomba ruhusa ya kumgusa, akapangusa doa kwa spiriti. Kisha akakwangua kwa upande butu wa wembe. Hakukwangua katikati ya doa. Alikwangua ukingoni, mahali doa linapoendelea kutambaa, kwa sababu fangasi anakaa huko, katikati ameshapaacha. Magamba madogo yakaangukia kwenye kioo. Akaweka tone la potasiamu haidroksaidi, maji makali yanayoyeyusha seli za ngozi na kuziacha kuta za fangasi zikiwa nzima, akafunika kwa kioo chembamba, akasubiri. Alipoinama kwenye hadubini hakukaa muda mrefu. Akainuka, akamwita mama aje achungulie mwenyewe.

Mama alichungulia. Kulikuwa na nyuzi nyembamba zenye vipingili kama mianzi, zikipita katikati ya ngozi iliyoyeyuka. Akauliza kwa sauti ya chini, nami nikapeleka swali lake kama lilivyo: "Kwa hiyo si uchafu?"

"Si uchafu, mama," binti akajibu. "Ni fangasi. Humpata yeyote."

Nadhani jibu hilo lilikuwa nusu ya matibabu. Kijijini kwake mama huyo alikuwa ameacha kuchota maji saa ya watu wengi. Mabaka ya ngozi hayafichiki, na kisichofichika kinasemwa. Ni kweli kwamba maji machache na msongamano vinaeneza magonjwa haya, lakini kutoka hapo watu wanaruka moja kwa moja hadi kwenye tabia ya mgonjwa: haogi, analala ovyo, amelogwa, ana ule ugonjwa mwingine. Anayemwambia mtu jina sahihi la ugonjwa wake anamvua majina hayo yote kwa mara moja.

Wapo pia waliosomea kutazama ngozi kama kazi ya maisha, ingawa ni wachache. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa Moshi, Tanzania, mwaka 1992, kwenye hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwachukua matabibu wa nchi zetu, Uganda ikiwemo, na kuwafundisha kwa miaka miwili mambo ambayo vyuo vingi huyapitia kwa haraka. Mtu wa namna hiyo akiwasha taa ya Wood, taa ya miali isiyoonekana, anaweza kukuonyesha mabaka ya kwapani ambayo kila mtu aliyaita fangasi yakiwaka wekundu wa marijani, na huo mwanga mwekundu ni alama ya bakteria. Kwa hiyo kosa linakwenda pande zote mbili.

Ubishi wenyewe una historia ndefu, na ugonjwa mmoja unaubeba wote. Unaitwa misetoma. Mchungaji anatembea peku, mwiba wa mgunga unamchoma, anautoa na kuusahau. Miezi inapita. Kinatokea kinundu kisichouma, na kwa kuwa hakiumi hakuna anayekishughulikia. Miaka inapita, mguu unavimba, ngozi inatoboka vitundu, na ndani ya usaha zinatoka punje ndogo ngumu. Ukanda mkavu wa Sudan na Somalia ni miongoni mwa sehemu zinazoumia zaidi, na Uganda nayo ina wagonjwa wake.

Waingereza waliuandika ugonjwa huu Madurai, kusini mwa India, katika miaka ya 1840. Henry Vandyke Carter, daktari aliyechora picha za kitabu maarufu cha anatomia cha Gray cha mwaka 1858, aliufuatilia huko Bombay, na mwaka 1874 alichapa kitabu akisema ni ugonjwa wa fangasi. Alikuwa sahihi. Mwaka 1894 Mfaransa Hyacinthe Vincent alipata kwa mgonjwa wa Algeria kiumbe cha nyuzi nyembamba mno, na kiumbe hicho leo tunajua ni bakteria. Naye alichokiona kilikuwepo kweli. Kuna bakteria wanaokua kwa nyuzi na matawi, na kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa fangasi kwa sura tu. Ilipofika mwaka 1913 mtafiti aitwaye Pinoy alipendekeza kwamba mguu ni mmoja kwa sura lakini magonjwa ni mawili: moja la fangasi, moja la bakteria. Watu wenye akili na bidii walihitaji karibu miaka arobaini kufika hapo, na kila mmoja alikuwa ameshika miguu halisi ya wagonjwa halisi.

Tofauti hiyo si ya vitabuni. Misetoma ya bakteria inatibiwa kwa antibiotiki, mara nyingi kotrimoksazoli pamoja na amikasini, na wengi wanapona. Misetoma ya fangasi inahitaji itrakonazoli kwa mwaka au zaidi pamoja na upasuaji, na hata hivyo wengi haiwaponyi, na wapo wanaopoteza mguu. Ukimpa mgonjwa wa fangasi antibiotiki kwa mwaka mzima kwa sababu ulishinda ubishi, umemlia mwaka mmoja wa mguu wake. Na dokezo la kwanza liko kwenye zile punje ambazo watu wanazifuta kwa kitambaa na kutupa. Nyeusi ni za fangasi. Nyekundu ni za bakteria. Za njano mara nyingi ni za bakteria, na mmoja wao amepewa jina la Somalia, nchi walikotoka majirani zetu wengi wa hapa Nakivale. Nyeupe zinaweza kuwa za upande wowote, na hapo hadubini ndiyo inayoamua. Mtu aliyefundishwa kuuliza "punje zina rangi gani?" amefanya kazi kubwa bila chombo chochote.

Dunia ilichelewa kuujali ugonjwa huu. Uliingizwa rasmi kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2016. Kwa miaka mingi mahali palipoujua kuliko popote palikuwa Khartoum, kwenye kituo kilichoanzishwa mwaka 1991 chini ya Profesa Ahmed Fahal. Hapo ndipo ilipojaribiwa dawa mpya ya misetoma ya fangasi, fosravukonazoli, inayomezwa mara moja kwa wiki, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2024. Kufikia wakati huo vita vilivyoanza Aprili 2023 vilikuwa vimeshaufikia mji, na kituo kimeharibiwa, pamoja na kumbukumbu na sampuli za miongo mingi. Wasudani nao sasa wako Uganda kama wakimbizi, wengi Kiryandongo. Siwezi kuandika juu ya punje nyeusi na nyekundu bila kuumia kwa ajili ya kituo kile. Maarifa haya yalikusanywa mgonjwa mmoja mmoja, kwa uvumilivu wa watu waliokubali kuvua viatu na watu waliokubali kuinama.

Nami sitaki kuifanya maabara kuwa hakimu asiyekosea. Vidonda vya Buruli, vilivyopata jina kwenye eneo la Buruli karibu na Ziwa Kyoga, vilielezwa na daktari Albert Cook wa Mengo mwaka 1897, na katika miaka ya 1960 viliwashika wakimbizi wa Kinyarwanda waliowekwa Kinyara, karibu na Mto Nile. Kisababishi ni bakteria. Waaustralia waliompata na kumtangaza mwaka 1948 walihangaika kwanza, kwa sababu maabara huotesha vijidudu kwenye joto la mwili, nyuzi 37, na huyu haoti huko. Anapenda nyuzi 30 hadi 33, joto la ngozi ya mikono na miguu. Chombo cha kuoteshea kilikuwa kitupu na mgonjwa alikuwa anaoza. Ambaye angekitazama chombo hicho na kusema "hakuna bakteria" angekuwa na ushahidi mkononi, na angekosea.

Mfano mwingine ni wa hapahapa Uganda: mwaka 1902, Jumuiya ya Kifalme ya London ilituma tume Entebbe kuchunguza malale, ugonjwa uliokuwa unafagia watu kando ya Ziwa Victoria. Katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne walikufa zaidi ya laki mbili. Ndani ya tume alikuwemo Aldo Castellani, Mwitaliano kijana. Aliona streptokoka kwa wagonjwa wake, akashawishika kwamba bakteria huyo ndiye chanzo. Kisha, akiendelea kupima maji ya uti wa mgongo, akaona kitu kingine kikijinyonganyonga: tripanosoma, ambaye si bakteria wala si fangasi. Alimweleza mtafiti David Bruce alipowasili mwaka 1903, na dhana ya streptokoka ikaachwa. Yaliyofuata hayapendezi. Malumbano ya nani hasa aligundua yaliendelea kwa miaka, hadi kwenye magazeti ya London, huku visiwa vya Ziwa Victoria vikibaki mahame. Lakini kuna jambo moja kwa Castellani ninalolistahi sana. Alikuwa tayari na jibu, jibu lake mwenyewe, lenye jina lake, na bado akarudi kwenye hadubini. Miaka ya baadaye aligeukia fangasi wa ngozi, na rangi nyekundu ya kupaka yenye jina lake imetibu miguu mingi ya watu wasiomjua.

Kwa hiyo sitaki majirani zangu waache kubishana. Ubishi ndio unaomfanya mtu agundue kwamba doa la mtoto halikufanana na alivyodhani. Ninachotaka ni wabishane wakiwa wamemgeukia mgonjwa. Yapo mengi yasiyohitaji jina la kijidudu. Kidonda kinaweza kuoshwa kwa maji safi na sabuni. Ukingo wa doa unaweza kuzungushiwa kalamu leo, ili juma lijalo ionekane kama limetambaa. Wanaolala na mgonjwa wanaweza kuulizwa. Tyubu iliyokwisha isitupwe, ipelekwe kituoni pamoja na mgonjwa, kwa sababu dawa ya fangasi iliyopakwa jana inaweza kumficha fangasi kwenye kioo cha kesho, na fundi wa maabara anahitaji kujua. Mhudumu wa afya wa kijiji asiyejua jina la ugonjwa anaweza kusema hivyo waziwazi, na sisi wengine tuache kumdharau kwa kusema hivyo.

Tena vituo vya afya vya Juru na Rubondo, humu Nakivale, vipewe hadubini inayofanya kazi, chupa ya potasiamu haidroksaidi na mtu aliyefundishwa kukwangua ukingoni, kwa maana gharama ya vitu hivyo ni ndogo kuliko nauli za Mbarara za mwaka mmoja. Anayelazimika kwenda Mbarara apewe nauli na mtu wa kumsindikiza anayeijua lugha yake. Na majibu yakirudi yakisema si fangasi wala si bakteria, aitwe tena siku hiyohiyo, akalishwe kwenye benchi la mbele, na asiambiwe aanze upya mwisho wa foleni.